Saa Iliyohesabu Moyo Wangu

Mimi ni fundi wa kushona nguo hapa Kasongo, na kwa miezi saba sikuweza kuingiza uzi kwenye sindano. Sasa naweza. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye mwili wake umeanza kumkimbia kama wangu ulivyonikimbia, na pia kwa ajili ya wale wote wanaonishika mkono sokoni na kuniuliza habari ya saa niliyovaa. Mambo hayo mawili kwangu ni habari moja.

Ugonjwa ulianza mvua zikielekea kuisha. Kwanza lilikuwa jasho. Nilikuwa nikikaa kwenye cherehani kivulini, wenzangu wakijifunika mabega kwa sababu ya upepo, mimi mgongo wangu ulikuwa umelowa kama niliyetoka kufua. Halafu ikaja njaa. Nilikula ugali wa watu wawili na sombe, mboga ya majani ya muhogo, juu yake, na baada ya saa moja nikatafuta ndizi. Lakini kadiri nilivyokula ndivyo nilivyokonda. Kikwembe changu cha kijani, ambacho zamani kilinitosha bila kubaki, sasa kilinizunguka mara mbili na bado nilikifunga kwa kamba.

Mikono ikaanza kutetemeka. Shati moja la shule nilishona kola ikakaa upande, mama wa mtoto akalipokea, na hakurudi tena. Moyo nao ulikuwa ukikimbia hata nikiwa nimelala, kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani. Niliposema hivyo nyumbani, walinipa dawa ya malaria. Nilikunywa dawa ya malaria mara tatu. Majirani waliniangalia mifupa ya shingo wakanong'ona ule ugonjwa wanaounong'ona kila wakiona mtu aliyekonda. Nilipimwa mara mbili, nikaambiwa sina. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda, alimwambia mume wangu mbele yangu: "Huyu mutoto kuna mutu anamutesa. Haya si ya lopitali."

Sitaficha jambo hili, kwa sababu aliye nalo anadhani ni tabia yake imeharibika: nilikuwa mkali. Mimi niliyejulikana kwa kucheka nilianza kufokea kila kitu. Adhuhuri moja mume wangu aliomba chumvi, nami nikatupa sahani ukutani. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole. Aliinama akaokota vipande kimoja kimoja, akapangusa mboga ukutani, akarudi shuleni bila kula. Upole ule uliniuma kuliko kama angenipigia kelele.

Kiangazi kilipoanza, mdogo wangu Sadiki alifika kutoka Salamabila. Huko anauza simu na vitu vya umeme kwa wachimbaji wa dhahabu. Alishuka kwenye pikipiki akiwa mwekundu kwa vumbi, akanikuta mlangoni, akasimama.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi dada yake, "ni weye kweli?"

"Ni miye. Ingia."

Hakuingia. Alifungua begi lake palepale, akatoa saa nyeusi yenye mkanda wa mpira na kioo kama cha simu ndogo, akanifunga mkononi. Ilibidi atoboe tundu jipya kwenye mkanda. Alinieleza kwamba saa hii inahesabu hatua, inapima usingizi, mapigo ya moyo, hewa iliyo ndani ya damu, tansiyo, yaani shinikizo la damu, na joto la mwili. Nyuma yake ilikuwa na taa ya kijani inayomulika ngozi. Tulikaa, tukangoja. Namba ikatokea: 131.

"Umekuwa unakimbia?" Sadiki aliuliza.

"Nimekaa hapa na wewe."

Mume wangu aliporudi alituangalia, akaiangalia saa, akacheka kwa pua. "Hiyo iko kitu ya kuchezea. Wanaiuzisha kwa watu wenye kutoka mushimoni na hawana pa kuweka pesa."

"Shemeji, inapima kweli," Sadiki alisema.

"Kweli? Lete."

Kwenye kitambaa cha kumenyea palikuwa na mihogo. Mume wangu alichukua muhogo mmoja mnene, akaufunga ile saa kama anavyofunga mtu mkono, akauweka katikati yetu. Taa ya kijani ikawaka, ikamulika, ikatulia. Namba ikatokea: 76.

Tulivunjika mbavu. Mama mkwe alikuja mbio kutoka jikoni kujua kuna nini. "Muhogo iko na moyo!" mume wangu alipaza sauti. "Na moyo yake iko muzuri kupita ya huyu bibi yangu!" Hata Sadiki alicheka, ingawa aibu ilimjaa usoni. Mimi nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Asubuhi iliyofuata mume wangu hakwenda kazini mapema kama kawaida. Aliniambia nikae kwenye kiti na nisiseme. Aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu, akashika simu yake akitazama dakika, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, kama anavyohesabu na watoto wa darasa la kwanza. Alipopita mia, midomo yake ikaacha kutoa sauti. Akahesabu tena toka mwanzo. Halafu akaweka simu chini.

"Ngapi?" nikauliza.

"Vaa viatu, Mama Neema. Tunaenda lopitali."

Saa ilikuwa imedanganya juu ya muhogo, lakini kwangu haikudanganya. Ukishaelewa jambo hilo, umeelewa nusu ya yale ninayotaka kusema.

Benchi la hospitali ya Kasongo nalijua sasa kama kitanda changu. Asubuhi lina ubaridi, jua likipanda unasogea kuelekea ukuta, na ukisogea unamjua mwenzako. Siku ile nilikaa kati ya bibi mwenye mguu uliovimba na kijana dereva aliyeanguka na pikipiki. Bibi alinipa nusu ya karanga zake. Hakuuliza nina nini. Wema mdogo kama huo ndio ulionivusha.

Muuguzi aliyenipokea anaitwa Mama Veronika, mwanamke mfupi asiye na haraka. Mume wangu alimweleza habari ya saa, na ya muhogo pia. Mama Veronika hakucheka. Alinipima tansiyo kwa kitambaa kile kinachobana mkono, akapata kumi na sita juu, ambayo ni nyingi mno. Akaiambia saa inipime: ikasema kumi na mbili. Akaivaa yeye: kumi na mbili. Akamvisha yule bibi mwenye mguu: kumi na mbili.

"Unaona, mama," aliniambia, "kwa tansiyo, hii saa iko na jibu moja, inagawia kila mutu. Usiisikilize hata siku moja."

Kisha akanihesabu mapigo kwa vidole. Akapata 128. Saa ilisema 127.

"Lakini hapa inasema kweli," alisema, akiwa kama anayeshangaa kidogo. "Tungoje daktari."

Daktari aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Ile karatasi ilicheza kama jani. Aliniambia ninywe maji taratibu huku akitazama koo langu, akashika shingo kwa mbele kwa vidole vyake vya baridi. Alisema kuna tezi shingoni inayofanya kazi kupita kiasi na kuusukuma mwili wote ukimbie. Hakuna aliyeniloga na sikuwa na tabia mbaya. Nilimwomba arudie maneno hayo mbele ya mume wangu. Akarudia. Mume wangu alitazama chini, akanishika goti.

Damu yangu ilibidi ipelekwe Bukavu kwa ndege ili kuthibitisha. Tukangoja. Kiangazi chote tuliishi kwa kungoja: kungoja ndege, kungoja karatasi, kungoja daktari arudi kutoka safari. Alikuwa amenipa vidonge vidogo vya kutuliza moyo, na majibu yalipofika akaongeza vingine, vya kuizuia tezi yenyewe. Siku ile alinishika bega akasema jambo moja tu, na akanifanya nilirudie kwake: "Ukipata homa, au koo likiuma, siku hiyohiyo uende hospitali, popote ulipo. Usilale nayo."

Hapo ndipo mimi na saa tulipoanza kuishi vibaya. Niliitazama kanisani wakati wa mahubiri. Niliitazama nikikoroga ugali. Kila nikiitazama niliogopa, na nikiogopa moyo ulipanda, na namba ikipanda niliogopa zaidi. Siku moja nilifika hospitali nikitweta, nikamwonyesha Mama Veronika: 122.

"Unaiuliza mara ngapi kwa siku?"

"Sijui. Mara nyingi."

"Hata miye mutu akiniuliza kila dakika kama niko muzima, nitagonjwa." Akanipa sheria. Asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, mara moja. Jioni kabla ya kula, mara moja. Niandike kwenye kaye, yaani daftari, na katikati nifunike kioo kwa mkono wa blauzi. Nilishona blauzi mbili za mikono mirefu kwa kazi hiyo.

Kaye ile ninayo bado. Ukurasa wa kwanza unasema 118, 116, 119. Kurasa mbili mbele, 104. Mvua za kwanza ziliponyesha, 92. Mwili ulirudi kidogo kidogo. Kwanza jasho liliacha. Halafu asubuhi moja nikachukua sindano bila kufikiri na uzi ukapita, nikaita nyumba nzima ije kuona. Mama mkwe alipiga vigelegele kana kwamba ni arusi. Nilianza kucheka tena, na mume wangu akaanza kurudi nyumbani mapema tena. Na sasa yeye ndiye aliyeiamini saa. Kila asubuhi, kabla hata ya kuniuliza nimelalaje, aliuliza: "Inasema nini?"

Likizo ya Noeli tulikwenda Kabambare kumwona mama yangu mzazi. Alikuwa amesikia kwamba ninakufa, na hakuna simu iliyoweza kumtoa wazo hilo. Tulitoka alfajiri kwa pikipiki mbili, tukafika giza linaingia, matope mpaka magotini. Mama alinishika mashavu, akanigeuza, akanipima kwa macho kuanzia juu mpaka chini. "Sawa," alisema. "Umebaki mutu." Sadiki naye alikuwa amekuja kutoka Salamabila. Siku mbili zile tulikula kuku, tukaongea Kibangubangu na kucheka, na mume wangu ambaye hakijui vizuri akacheka tukicheka.

Siku ya tatu niliamka koo likiniuma. Kumeza mate ilikuwa kama kumeza mchanga. Mume wangu akashika mkono wangu, akabonyeza saa.

"Joto iko trente-six na nne," alisema, yaani thelathini na sita na nukta nne. "Iko bien, iko muzuri. Ni ile baridi ya njiani."

"Daktari alisema nisilale nayo."

"Alisema ukipata homa. Homa haiko. Angalia."

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati hata tulilazimika kusemezana kwa nguvu. Sadiki aliungana na shemeji yake: barabara ni mto, pikipiki haitapita, tungoje kesho. Wote wawili walitaka mema. Walikuwa wananihurumia.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akituangalia. Aliinuka, akaweka shavu lake kwenye paji la uso wangu, akaliacha hapo kitambo.

"Huyu mutoto anaungua," alisema.

"Mama, saa inasema..." Sadiki alianza.

"Miye nimezaa huyu. Hiyo saa ilizaa nani?"

Nilivua saa, nikaiweka mezani. Nilikuwa natetemeka, safari hii kwa baridi ya homa. "Mimi naenda," nikasema. "Mwenye kutaka kubaki na saa abaki nayo."

Mama alinitandika nailoni kichwani na mabegani, akatangulia. Nilisikia mlango nyuma yetu, na kabla hatujafika barabarani mume wangu alikuwa ameshanipita, amechuchumaa mbele yangu. "Panda," alisema. Nilikuwa nimerudi kuwa mzito kidogo wakati huo, lakini alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya Kabambare, matope yakimvua viatu njiani. Kimoja hatukukipata tena.

Kipimajoto cha kwapani kilisema thelathini na tisa na kidogo. Daktari wa pale aliitazama karatasi yangu ya dawa, akaacha kila kitu alichokuwa anafanya. Alitazama damu yangu kwenye hadubini yeye mwenyewe. Alituambia kwamba vile vidonge vilivyoniponya tezi vilikuwa vimepunguza askari wa mwili wangu. Hutokea kwa watu wachache, akasema, na askari wakipungua, koo dogo linaweza kumwua mtu. Alinikataza kumeza hata kimoja tena.

"Kama mungengoja kesho?" mume wangu aliuliza. Aliuliza hivyo, "mungengoja", kana kwamba yeye hakuwamo.

"Sijui, mwalimu," daktari alijibu. "Nafurahi kwamba hatujui."

Nililala siku tisa. Sindano asubuhi, sindano jioni. Mama alileta uji wa mahindi, mwepesi, ulionipita kooni bila kugombana. Siku ya nne, nilipoweza kuongea, mume wangu alivuta kiti karibu.

"Miye nafundisha hesabu," alisema. "Mutu akiniletea namba, namwamini upesi kuliko mutu mwenye kuongea kwa mudomo yake. Nisamehe."

Nilimwambia asogee. Nikaegemeza kichwa begani mwake, tukakaa hivyo mpaka muuguzi akaja na sindano yake.

Madaktari wawili, wa Kabambare na wa Kasongo, walisemezana kwa simu, wakakubaliana kwamba njia iliyobaki ni kisu, kuitoa tezi yenyewe. Daktari wa upasuaji alikuwa Kindu. Lakini hawezi kumgusa mtu ambaye moyo wake unakimbia, kwa hiyo nilirudi Kasongo kwenye vile vidonge vidogo vya kwanza na matone mengine machungu, na kwenye kaye. Saa ikarudi mkononi. Kila Ijumaa nilisoma namba zangu za juma kwa Mama Veronika, yeye akahakiki kwa vidole, na alipoona siku kumi mfululizo chini ya tisini akaniandikia barua ya kwenda. Kule Kindu yule daktari aliifungua kaye kabla ya kunifungua mimi. Aliigeuza ukurasa baada ya ukurasa. "Wagonjwa wote wangekuja na hii," alisema, na sijui kama alimaanisha saa au kaye. Mimi nadhani kaye.

Nilipoamka baada ya kisu sauti yangu ilikuwa imekwenda. Kwa majuma matatu niliongea kama mzee mvuta tumbaku, na mume wangu alinijibu kwa kunong'ona bila kujua kwa nini ananong'ona. Sauti imerudi, ila siwezi tena noti za juu za kwaya. Nimehamia sauti ya pili, na kule nimekuta wanawake wachekeshaji zaidi. Shingoni nina alama nyembamba ambayo wateja wapya wanadhani ni mkufu. Nameza kidonge kimoja kila alfajiri, na nitakimeza maisha yangu yote. Juzi asubuhi moyo ulikuwa 70.

Basi, saa hiyo ununue au usinunue? Ukiwa nayo, iulize jambo moja tu: moyo wako unapiga mara ngapi ukiwa umetulia, na siku zinavyokwenda unapanda au unashuka. Hapo ilinisaidia kweli. Bila ile 131 mume wangu asingeweka vidole vyake mkononi mwangu, nami ningekunywa dawa ya malaria mara ya nne. Habari ya usingizi inaburudisha tu. Iliwahi kuniambia nimelala vizuri usiku ambao nilikesha nikishona. Hatua inahesabu hata ukikanyaga pedali ya cherehani. Ya tansiyo na ya joto, zifumbie macho. Inataka kuchajiwa kila siku ya tatu, na wakati wa mvua paneli ya jua haishibi, kwa hiyo kuna siku inakufa mkononi na unabaki na wewe mwenyewe. Siku hizo nazo zina faida yake. Na kama huna saa, una vidole viwili na mtu wa kukuhesabia.

Wiki iliyopita mwanamke mmoja aliingia dukani kwangu, mke wa mchimbaji, mgeni hapa. Alitaka blauzi. Nilipozungusha utepe wa kupimia kifuani mwake nilihisi jasho kupitia kitambaa, na asubuhi ilikuwa na baridi. Mkanda wa sketi yake ulishikwa na pini. Nikamuuliza kama anakula.

"Nakula sana, mama," alisema, na macho yake yakajaa. "Kwetu wanasema nimelaaniwa."

Niliweka utepe chini. Sikumweleza habari ya saa wala tezi, kwa sababu mimi si daktari na huenda nina makosa. Nilimwambia tu kwamba blauzi inaweza kungoja, nikafunga mlango wa duka, nikamshika mkono. Tukaenda hospitali. Tulikaa kwenye benchi, tukasogea jua liliposogea, na tukakuta kule Salamabila kuna mtu ambaye wote wawili tunamjua na hatumpendi. Alicheka. Nadhani hakuwa amecheka kwa muda mrefu.

Jina lake lilipoitwa hakuinuka. Alinitazama.

"Twende wote," nikamwambia, na tukaingia.